Lango la Feri Lafunguliwa na Nani?

Huku Mtongwe tuna neno moja linalofunga mazungumzo yote ya msiba: kudra. Likishatamkwa, watu huinamisha vichwa, kahawa hunywewa, na maongezi huhamia kwingine. Nimefundisha dini na historia katika shule za sekondari za Likoni kwa muda mrefu, na sijalisikia neno hilo likitajwa kama linavyotajwa kila watu wanapokumbuka tarehe 29 Aprili 1994. Siku hiyo feri ya Mtongwe ilipinduka karibu mno na nchi kavu, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Walikufa watu 272, wengi wao wavujajasho wanaovuka kwenda kisiwani Mombasa kutafuta riziki. Ziko nyumba huku kwetu ambazo hadi leo haziwezi kuihesabu Aprili kuwa mwezi kama miezi mingine.

Jioni moja barazani, kijana anayefanya kazi bandarini alisema yale yanayosemwa siku zote: ajali haina kinga, iliandikwa. Mzee anayetuuzia kahawa, mtu ambaye elimu yake yote ni ya chuoni kwa mwalimu wa Kurani, aliliweka dele chini.

"Sikiza, mwanangu. Iliandikwa, sikatai. Lakini lile lango la feri lafunguliwa na nani? Na mtu, ama na malaika?"

"Na mtu, ami."

"Basi mtu huyo nimuulize, ama nisimuulize?"

Kijana hakuwa na jibu. Mimi niliyekaa pembeni niliona kwamba mzee amefanya kwa maneno machache kazi ambayo nimekuwa nikijaribu kuwaeleza wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka. Wengi wetu tunadhani falsafa ni mambo ya Wagiriki. Ni kweli Wagiriki wana sehemu yao. Socrates, aliyehukumiwa kifo mjini Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, hakuacha kitabu hata kimoja. Alikuwa akiwasimamisha watu na kuwauliza wanachokijua, na wamekijuaje. Alichukua maneno ambayo kila mtu anayakubali, kama haki au ushujaa, akauliza yamesimama juu ya nini. Lakini kwa kuuliza hivyo hakuhitaji kuwa Mgiriki.

Aliyelithibitisha jambo hili ni Mkenya mwenzetu, Henry Odera Oruka, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka alipofariki mwaka 1995. Wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wakishikilia kwamba Mwafrika ana desturi na methali, ila hana fikra za kuhoji. Hata Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyeandika juu ya falsafa ya Kibantu akiwa Kongo mwaka 1945 kwa nia ya kututetea, aliieleza kana kwamba mamilioni ya watu wana kichwa kimoja. Oruka alitoka darasani akaenda vijijini. Alikaa na wazee, mmoja mmoja, kwa jina lake, akawauliza juu ya Mungu, kifo, uhuru, na usawa wa mwanamume na mwanamke, kisha akawabishia ili aone kama watatetea wanayoyasema. Matunda ya kazi hiyo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1990.

Aliwagawa wenye hekima mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wale wanaoijua mila barabara na kuisimulia vizuri; ukiwauliza kwa nini, watakwambia ndivyo walivyosema wazee. Fungu la pili wanaijua mila vilevile, lakini wanaipima kwa akili zao na wako tayari kuikosoa. Mzee Paul Mbuya Akoko, Mjaluo, alimwambia Oruka kwamba watu wake walikosea kudhani wana Mungu wao peke yao. Kama miungu ingekuwa mingi, alisema, maumbile yangevurugika. Hiyo ni hoja. Ina sababu na ina matokeo, na mtu anaweza kuipinga kwa hoja nyingine.

Ukiipeleka mizani ya Oruka barazani kwetu, utaona haraka tatizo la methali. Tunasema ajali haina kinga. Tunasema pia tahadhari kabla ya hatari. Anayezihifadhi zote mbili hutoa inayomfaa kwa saa ile. Wa fungu la pili atauliza ni ipi inahusu feri iliyojaa, na kwa nini.

Swali lenyewe, kama kuandikwa kwa jambo kunaondoa sababu zake, ni la kale, na wanavyuoni wa Kiislamu walilichimba sana. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba tunapoona pamba inaungua ikiguswa na moto, macho yetu yanaona mambo mawili yakifuatana tu. Hayaoni ulazima wowote baina yake. Mwenye kuunguza ni Mungu. Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa ukali: kukijua kitu ni kuzijua sababu zake, na anayekanusha sababu ameikanusha akili yenyewe. Kwetu mara nyingi Ghazali hutajwa kama kwamba aliruhusu watu wakae wangoje. Hilo ni kumdhulumu. Ni Ghazali huyo huyo aliyeandika kwamba mwenye njaa asiyeunyosha mkono kukichukua chakula kilicho mbele yake, akasema anamtegemea Mungu, huyo ana wazimu wala hana tawakali. Wawili hawa walitofautiana sana juu ya moto na pamba, lakini simwoni hata mmoja ambaye angemwachia mlinda lango aende zake bila kuulizwa.

Na hapa Mombasa tulikuwa na mwanachuoni wetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947, alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa mwaka 1930, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili ili asomwe na watu wa kawaida. Waislamu wa pwani walikuwa wakilalamika kwamba zama zimewageuka. Yeye akawaonyesha elimu waliyoipuuza na mali waliyoimaliza katika sherehe. Alikuwa kadhi, na imani yake katika kadari haina shaka. Hata hivyo hakukubali kadari itumiwe kama shuka ya kujifunikia uvivu.

Baadaye alikuja Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa Mombasa, ambaye utenzi wake juu ya utu ulimvutia mwanaanthropolojia Mjerumani Kai Kresse hata akamweka katika kitabu chake cha 2007 juu ya wanafalsafa wa Mombasa. Fikra yake ninavyoielewa ni nzito: utu hujulikana kwa matendo, na anayelijua jema amekwisha kufungwa na wajibu wa kulitenda. Ukijua feri imejaa, kujua kwako kumekuweka katika deni.

Kuna upande mmoja nisioweza kuuacha. Niliwahi kuhudhuria hitima ya waliokufa maji, na nimemwona mama akishika neno kudra kwa mikono miwili kwa sababu bila hilo angeanguka. Pale hakuna wa kumuuliza habari za lango, na mzee wetu wa kahawa asingethubutu. Neno lile lile linalomshikilia mfiwa, likitamkwa na mwenye dhamana, linageuka hati ya kumwachia huru. Kwa hiyo namtazama kwanza anayelisema, na mahali alipo anapolisema.

Kijana wa bandarini hakukubali kushindwa. Juma lililofuata alikuja na lake. "Ami, na abiria je? Mimi nikichelewa kazini siku tatu nafutwa. Naiona feri imejaa, najua, na napanda. Deni langu liko wapi?"

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema abiria ana deni, lakini aliyemfanya achague baina ya maji na mshahara ana deni kubwa zaidi, na huyo hayuko hata kwenye feri. Kijana akauliza ni nani. Mwajiri, alisema mmoja. Serikali, akasema mwingine. Sisi tuliozoea, akasema wa tatu, na hapo wakabishana mpaka adhana ya isha.