Virunga ya leo si ile ya Starlight, na si kosa

Ukipita Zone Industrielle ya Bujumbura wakati malori yaliyoingia kwa Kobero yanashusha mizigo, hukosi kusikia rumba ya zamani kutoka kwa madereva. Na penye rumba pana ubishi. Mmoja ninaousikia mara kwa mara ni huu: Samba Mapangala na Orchestra Virunga waliorudi, je, ni wale wale? Wazee wanasema muziki umekwisha ladha.

Tukumbuke walikotoka. Mapangala, mzaliwa wa Matadi, aliondoka Kongo na kundi la Les Kinois, wakapita Kampala, wakatua Nairobi mwaka 1977. Mwaka 1981 akaunda Virunga, jina la milima ya volkano iliyo jirani na sisi. Walipiga katika klabu ya Starlight, na muziki wao ulipikwa na ukumbi. Wimbo kama "Malako" ulianza taratibu, waimbaji wakapokezana, kisha gitaa likapanda, saksofoni zikajibu, na hakuna aliyebaki kitini. Santuri ndogo za Nairobi zilikuwa zikikata nyimbo za namna hiyo vipande viwili, huku kimoja na huku kingine. Sisi tuliokulia makazi ya wakimbizi Tanzania tulizipata kwa redio ya betri.

Mwaka 1997 Mapangala akahamia Marekani. Kwetu ikawa kimya cha miaka. Zilipokuja albamu za "Song and Dance" (2006) na "Maisha ni Matamu" (2011), mlio ulikuwa mwingine. Rekodi ni safi, kila gitaa unalisikia peke yake, na vumbi la ukumbi halipo. Sababu yake si siri. Bendi inayopiga kila usiku mbele ya wachezaji hujifunza kuvuta wimbo mpaka jasho liwatoke. Ukihama, wapigaji wakatawanyika, kazi inabaki ya studio, na studio haina wachezaji. Kilichobaki ni sauti yake ile nyembamba na tamu.

Nalielewa jambo hili kwa sababu nimelionja. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972. Mimi nilizaliwa ng'ambo, nikasoma kwa Kiswahili na Kiingereza. Nilipokuja nchini mwaka 2009 kufundisha, nilikuta shule ya Kirundi na Kifaransa. Walimu wenzangu waliniita "Mtanzania", na Kirundi changu kiliwachekesha. Walimngoja mtu aliyeondoka mwaka 1972, wakaletewa mwingine. Ilichukua miaka tukazoeana, na haikuwa kwa mimi kujifanya sikuwahi kukaa Tanzania.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara uendaye Kobero au Gatumba, usimdai Mapangala arudi Starlight. Chukua "Malako" kwa kucheza na "Maisha ni Matamu" kwa kusikiliza umekaa. Mwanamuziki aliyepita Matadi, Kampala, Nairobi na Marekani akirudi na mlio ule ule wa mwaka 1982, ujue kuna miaka anaificha.