Samaki wa Kale katika Ngalawa ya Domoni

Usiku wa tarehe 20 Desemba, 1952, mvuvi mmoja wa kisiwa cha Nzuwani katika Visiwa vya Komoro, jina lake Ahamadi Abdallah, alikuwa baharini karibu na mji wa Domoni. Alikuwa katika ngalawa ndogo, akivua kwa mshipi kama ilivyo desturi ya watu wa kwao. Samaki aliyempata usiku ule alikuwa mzito, mwenye magamba makubwa na magumu, na mapezi yake yalikuwa manene ya nyama, mfano wa miguu mifupi. Ahamadi alimpiga kichwani hata akafa, kisha akarejea pwani, na siku ya pili samaki akapelekwa kuuzwa. Ahamadi hakujua kwamba kwa muda wa miaka 14 mtaalamu mmoja wa Afrika ya Kusini alikuwa akimtafuta samaki wa namna ile usiku na mchana.

Samaki huyo huitwa silikanti. Wataalamu walimjua kwa mabaki yake yaliyogeuka mawe ardhini, nao waliamini kwamba kizazi chake kilikuwa kimekwisha duniani tangu zaidi ya miaka milioni 60. Lakini katika Desemba, 1938, chombo kimoja cha uvuvi kilimleta mmoja katika bandari ya East London, Afrika ya Kusini. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa nyumba ya makumbusho ya mji ule, alimwona katika lundo la samaki, akashangaa, akamwandikia barua Bwana J. L. B. Smith wa Chuo cha Rhodes na kumchorea picha. Kwa bahati mbaya ilikuwa siku za Krismasi, na joto lilikuwa kali. Barua ilichelewa, samaki akaanza kuoza, na matumbo yake yakatupwa.

Hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko mtu awezavyo kudhani. Ngozi huonyesha umbo la nje tu, bali mtaalamu hutaka kuuona moyo, ubongo na viungo vyote vya ndani, ndipo ajue mnyama huyo ni ndugu wa nani. Kwa hiyo Bwana Smith alipiga chapa tangazo lenye picha ya samaki, na kuahidi zawadi ya paundi 100 kwa atakayempata mwingine. Lilikuwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo, ijapokuwa wavuvi wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki wangalikielewa kuliko lugha zote tatu.

Katika mwaka wa 1952 Bwana Smith na mkewe walifika Zanzibar katika safari yao ya kukusanya samaki. Huko walikutana na Kapteni Eric Hunt, Mwingereza aliyefanya biashara kwa jahazi lake katika bahari hizi, naye akayachukua matangazo na kuyaeneza Komoro. Ndiyo sababu mwalimu mmoja wa shule, Affane Mohamed, alipomwona samaki wa Ahamadi karibu kukatwa vipande, alikumbuka ile picha, akazuia kisu. Laiti angalichelewa kidogo, samaki angaliishia vyunguni. Wakamchukua kwa miguu, wakivuka milima ya kisiwa, mpaka Mutsamudu alikokuwa Kapteni Hunt. Hunt hakuwa na dawa ya kuhifadhi maiti, basi akamtia chumvi, akamsafirisha hadi Dzaoudzi katika kisiwa cha Mayotte, ambako dawa ilipatikana, kisha akapeleka simu kwa Bwana Smith.

Simu ilimkuta Durban, melini, tarehe 24 Desemba. Hofu yake ilikuwa ni ile ile ya mwaka 1938: Krismasi, joto, na samaki anayeoza. Ikambidi amwombe msaada Waziri Mkuu, Dk. D. F. Malan, ambaye alitoa ndege ya jeshi. Tarehe 29 Desemba ndege ilitua karibu na Dzaoudzi, na Bwana Smith alipofunguliwa sanduku na kumtazama samaki, alilia machozi. Akampa jina Malania anjouanae, yaani jina la Waziri Mkuu na la kisiwa. Jina la mvuvi halikutiwa. Samaki yule alikosa pezi moja la mgongoni, ndiyo maana alidhaniwa kuwa wa aina nyingine. Baadaye ilionekana kwamba pezi lilipotea kwa jeraha tu, na kwamba ni aina ile ile ya 1938.

Jambo lililowastaajabisha wageni ni kwamba watu wa Komoro walikuwa wakimjua samaki huyo siku zote. Walimwita gombesa, wala hawakumthamini sana, kwa kuwa nyama yake ni ya mafuta mengi na huharisha. Tena visiwa vyao ni milima ya moto iliyotoka baharini, na ukingo wake hushuka ghafla kama ukuta. Mvuvi hana haja ya kwenda mbali. Akivuta makasia kidogo tu kutoka ufukoni, tayari yu juu ya kilindi. Hufunga jiwe kwenye mshipi ili chambo kizame upesi, na likifika chini huliachilia kwa kuukutua mshipi. Mchana gombesa hujificha mapangoni, kwenye kina cha mita 150 na zaidi. Usiku hutoka kutafuta chakula. Ndiyo maana hunaswa usiku, na wavuvi wanaotafuta samaki wengine.

Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo imempata. Katika mwaka wa 2001 mmoja alinaswa katika nyavu za meli ya uvuvi nje ya Malindi. Baadaye wavuvi wa Tanga wamewatoa wengi katika majarife yao ya papa, hata serikali ya Tanzania ikatenga sehemu ile ya bahari kuwa hifadhi katika mwaka wa 2009. Biashara ya samaki huyo baina ya nchi na nchi imekatazwa, na paundi 100 hazitolewi tena.