Neno Lililoota Nyasini

Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa, alinibishia hodi jioni moja, karatasi ya hospitali mkono mmoja, simu mkono wa pili. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mjukuu wake alikuwa ameipitisha kwenye programu ya kutafsiri, nayo simu ikamjibu: "kuna ukuaji kwenye shingo."

"Mwanangu, hebu nisomee vizuri," alisema huku akivuta kiti. "Shingo yangu inakua? Kwa umri huu?"

Simu haikukosea sarufi. Ilitegwa na neno moja, "growth". Kwa Mwingereza, neno hilohilo ni kimo cha mtoto anachopimwa kliniki, ni asilimia za uchumi anazozisoma waziri bungeni, na ni kinundu anachokipapasa daktari. Kitenzi chake, "grow", kina mzigo mkubwa zaidi. Sisi tunasema mtoto anakua, nyasi zinaota, giza linaingia, mtu anazeeka, mkulima analima mahindi, kijana anafuga ndevu. Vitenzi sita, Mwingereza anavimaliza vyote kwa kimoja. (Hapo kwenye ndevu Kiswahili kinanifurahisha: tunazifuga kama mbuzi.)

Zamani hata Waingereza hawakusema hivyo. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia nchi yao mwaka 1066, kilikuwa na vitenzi viwili. "Growan" kilikuwa hasa cha mimea: kuchipua, kutoa majani, kusitawi. "Weaxan" kilibeba karibu yote yaliyobaki: mtoto, mifugo, idadi ya watu, mwezi. Baadaye, katika Zama za Kati, kile cha mimea kikaanza kuingia shamba la mwenzake. Kikachukua watoto, kikachukua wanyama, kikachukua hata hali zinazobadilika, kama kuzeeka na kuingia kwa giza. Leo "wax" kwa maana ya kukua imeachiwa mwezi unaoelekea kupevuka na misemo michache ya kizamani.

Ndugu za Kiingereza hawakuenda njia hiyo. Wajerumani bado wana "wachsen". Waswidi wanavyo vyote viwili: "växa" kwa kukua kwa jumla na "gro" kwa mbegu inayochipua. Wanaonivutia zaidi ni watu wa Aisilandi, ambao "gróa" yao husema juu ya mimea na pia juu ya kidonda kinachopona. Ukikumbuka jinsi ngozi mpya inavyotambaa kutoka pembeni hadi kidonda kikafunga, huwezi kuwalaumu.

Wanaisimu wakizilinganisha lugha hizi hufika kwenye mzizi mmoja wa kale sana, wanaouandika "ghre-" na kutanguliza kinyota, alama ya kwamba hakuna aliyeukuta umeandikwa mahali. Umejengwa upya kwa kulinganisha sauti. Katika mzizi huo yametoka maneno matatu ambayo Mwingereza huyatamka kila siku bila kujua kwamba ni ndugu wa tumbo moja: "grow", "green" na "grass". Kukua, rangi ya kijani, nyasi. "Weaxan" nacho kina ukoo wake, na humo yumo Mlatini na kitenzi chake "augere", kuongeza. Wanaisimu wengi huliweka humo pia jina la Kaisari Augustus, aliyeuachia mwezi wa nane jina lake. Kwa hiyo ukiandika Agosti kwenye barua, yumkini umemgusa binamu wa kile kitenzi kilichonyang'anywa shamba.

Kwetu kulinganisha kwa namna hiyo kunafanyika vilevile. Mganda husema "okukula", Mnyarwanda "gukura", Mzulu "ukukhula". Sisi tunasema kukua: ile "l" ya katikati tuliidondosha njiani, kama tulivyoidondosha kwenye "-khulu" ya Mzulu, yaani kubwa, tukabaki na "-kuu". Halafu kuna kitenzi cha pili. Mganda ana "okumera", Mzulu "ukumila", sisi kumea, na kutoka humo tukapata mmea. Wabantu wa kale nao walikuwa na neno la kiumbe na neno la mche, kama Waingereza wa kale. Tofauti ni kwamba sisi bado tunayo yote mawili.

Mtu wa baolojia hataona ajabu kwamba maneno ni mawili. Mtoto hurefuka kwa sababu karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna tabaka la gegedu linaloongeza seli. Balehe ikielekea mwisho, tabaka hilo hugeuka mfupa, na kimo kimefika hapo. Mmea haufungi mlango namna hiyo. Kwenye ncha za shina na mizizi yake kuna seli zinazoendelea kugawanyika, sehemu ambayo wanabotania huiita meristemu, na mti wa miaka 100 bado hutoa tawi jipya.

Nyasi zina ujanja wa ziada. Mahindi nayo ni jamii ya nyasi, basi nenda kwenye mhindi mchanga, ushike jani linalochomoza katikati, ulichore mistari miwili kwa kalamu ya wino, kisha urudi kesho kutwa. Mistari yote miwili imepanda juu, lakini nafasi kati yake ni ileile. Kilichoongezeka hukioni, kimo chini, ndani ya ala. Jani linasukumwa kutoka kitakoni. Ndiyo maana ng'ombe akila ncha zinarudi, na uwanja uliofyekwa Jumamosi unataka fyekeo tena wiki mbili baadaye.

Nywele husukumwa vivyo hivyo kutoka kwenye kishina chake ndani ya ngozi. Na sisi, bila darubini, tunasema nywele zinaota, pembe zinaota, mtoto anaota meno. Mtoto mwenyewe anakua.

"Growth" kama nomino ilikuja baadaye, karne ya 16. Karne ya 18 ndipo Mwingereza alipoanza kusema kwamba mkulima "anagrow" mazao, maana awali mazao yalijiotea yenyewe. Mwaka 1992 Bill Clinton, akigombea urais wa Marekani, aliahidi kuukuza uchumi kwa kitenzi hichohicho, na walinzi wa lugha wakanung'unika kwamba uchumi si viazi. Kwetu kiambishi kimoja kinatosha, kukua, kukuza, na hakuna anayenuna. Ila uchumi wao umepewa kitenzi cha nyasi, wetu kile cha mtoto. Nadhani wetu umebahatika.

Nilimpigia Bi Mkubwa mstari kwenye "growth" ya karatasi yake, nikaandika "uvimbe", nikamwonyesha tarehe aliyopangiwa kurudi kwa daktari.

"Aa, huu?" akasema, akijigusa chini ya sikio. "Si ungesema. Huu uliota tangu mwaka jana."