Bei ya Dhiki: Nyumba Zinazonunuliwa kwa Siku Saba

Mtu anayeishi katika mji wowote wa Uingereza, iwe ni London au Leicester au Birmingham, ambako jamaa zetu wengi wa Unguja, Mombasa, Barawa na Dar es Salaam wamekwisha kufanya maskani, hachelewi kukuta mlangoni pake kijikaratasi cha herufi kubwa kinachomwarifu kwamba iko kampuni inayonunua nyumba yoyote, katika hali yoyote iliyomo, kwa fedha taslimu, na kwamba muamala mzima waweza kwisha kwa siku saba pasina yeye kugharimia hata senti moja. Wengi hukisoma na kukitupa. Asiyekitupa ni yule aliyekwisha kubanwa: ndoa imevunjika na kila mmoja ataka fungu lake, mzazi amefariki na nyumba ya mirathi imekaa tupu huku baraza la mji likidai kodi yake, kazi imekatika na benki iliyoishika nyumba rehani imeanza kuandika barua ambazo mwenyewe hana tena moyo wa kuzifungua, au ni mzee aliyeazimia kurejea kwao, tikiti ameshakata, na mteja bado hajatokea.

Insafu yataka tukiri kwanza kwamba haja wanayoihudumia wanunuzi hawa ni haja ya kweli. Kuuza nyumba katika Uingereza na Wales ni kazi ya miezi, kwa sababu mnunuzi wa kawaida hana fedha mkononi bali hutegemea mkopo, na benki haitoi mkopo mpaka itume mthamini wake, na mawakili wa pande mbili wamalize kuandikiana. Tena mara nyingi mnunuzi huyo naye hawezi kununua mpaka auze ya kwake, na anayeinunua ya kwake yu vivyo hivyo, hata ikawa silsila ya nyumba nne au tano zinazongojeana, ambayo kiungo kimoja kikikatika zote husimama. Fauka ya hayo, sheria ya huko haimfungi mtu kwa neno la mdomo wala kwa kupeana mikono: mpaka mikataba iliyotiwa saini ibadilishwe baina ya mawakili, muuzaji na mnunuzi kila mmoja yu huru kujitoa bila ya kulipa fidia. Basi mtu anayekuja na fedha zake, asiye na nyumba ya kuuza wala benki ya kungojea, akasema waziwazi kwamba atanunua mwezi huu lakini kwa bei pungufu, huyo hakumdhulumu mtu. Ameuza wepesi, na wepesi una thamani yake. Bei ya chini iliyotamkwa tangu siku ya kwanza si hadaa. Hadaa ya biashara hii huja baadaye, na karibu kila mara chombo chake ni muda.

Lakini hata hiyo bei ya chini iliyotamkwa yafaa ipigiwe hesabu, maana watu huisikia vibaya. Idara ya serikali ya Uingereza iliyokuwa ikisimamia haki za wanunuzi na wauzaji, iliyojulikana kwa herufi za OFT, ilitoa mwezi Agosti 2013 taarifa ya uchunguzi wake juu ya biashara hii, nayo ikaeleza kwamba kampuni hizi kwa kaida hununua kwa pungufu ya asilimia 10 hadi 25 chini ya thamani ya soko. Msikiaji akiambiwa asilimia 20 hudhani amepoteza sehemu moja katika tano za mali yake. Sivyo, ikiwa nyumba ina deni. Tuchukulie nyumba ya pauni 240,000 ambayo benki inaidai 170,000. Ikiuzwa sokoni kwa mkono wa dalali anayetoza asilimia moja na nusu, pamoja na kodi ya serikali juu ya ujira wake, dalali atachukua 4,320, na mwenye nyumba, kabla ya ujira wa wakili, atabakiwa na 65,680. Ikiuzwa kwa kampuni kwa pungufu ya asilimia 20, bei itakuwa 192,000, na baada ya benki kuchukua chake, mwenyewe atatoka na 22,000. Benki haikupoteza hata pauni moja. Pungufu lote limeangukia fungu la mwenye nyumba, na katika fungu hilo amepoteza thuluthi mbili. Na ile ahadi ya kwamba hakuna ujira wa dalali, inayoandikwa kwa wino mzito kuliko maneno mengine yote, imemwokolea pauni elfu nne na kitu ili apoteze arubaini na nane elfu.

Sasa tuje kwenye muda. Kampuni hutaja kwa simu bei ya kupendeza, muuzaji akaridhika, akawaambia madalali wengine wasihangaike tena, akafunga vitu vyake masandukuni, na huenda amekwisha kulipa arbuni ya nyumba ya kupanga mahali pengine. Wiki zinapita, kampuni ina adabu, inajibu kila simu. Halafu, siku mbili au tatu kabla ya kubadilishana mikataba, huja habari kwamba mkaguzi ameona unyevu ukutani, au paa lataka kutengenezwa, au soko la mtaa ule limelegea, kwa hiyo bei inashushwa kwa pauni elfu kumi, na jibu latakiwa leo. Sheria, kama tulivyoona, haimzuii mnunuzi kufanya hivyo maadamu mkataba haujabadilishwa. Mwenye nyumba wa mfano wetu anajua kwamba akikataa ataanza upya, na hana tena siku za kuanzia. Naye akikubali, zile 22,000 zimekuwa 12,000. OFT iliitaja tabia hii ya kushusha bei dakika ya mwisho miongoni mwa mambo yaliyoitia wasiwasi, pamoja na kuwapa wauzaji taarifa za uongo juu ya thamani ya nyumba zao na kuwaficha gharama. Mimi naiona ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa zile nyingine humdanganya mtu ambaye bado ana hiari, na hii humngojea mpaka hiari imtoke.

Jambo la pili ni lile neno taslimu lenyewe. Ziko kampuni zenye fedha zake kweli, na ziko zisizokuwa na kitu ila simu na ofisi, ambazo kazi yake ni kumfunga muuzaji kwanza kisha kwenda kumtafuta tajiri wa kumuuzia nafasi hiyo kwa faida. Kufunga huko hufanyika kwa mkataba wa hiari, yaani karatasi inayoipa kampuni haki ya kununua kwa bei iliyotajwa ndani ya muda fulani, pengine miezi mingi, ilhali kampuni yenyewe hailazimiki kununua. Na ikiwa haki hiyo itaandikishwa katika daftari la ardhi la serikali, mwenye nyumba kwa vitendo hatapata njia ya kumuuzia mtu mwingine hata akija na bei bora na fedha mkononi. Mtu aliyekwenda kutafuta haraka akajikuta amefungiwa mlango kwa nusu mwaka.

Ukatili mkubwa zaidi wa aina hii umekwisha kupigwa marufuku kwa vitendo, lakini haifai usahauliwe. Katika miaka ya 2000 zilienea kampuni zilizomwambia mwenye nyumba aliyeshindwa na deni: tuuzie kwa bei ya chini, nawe ubaki humo humo ukiwa mpangaji, majirani wasijue. Wazee wa Unguja na Pemba hawatashangaa, kwa kuwa wenye mashamba ya karafuu waliijua bei ya khiyari, ambayo kwayo mwenye shamba alimuuzia tajiri wake shamba kwa jina tu, akabaki juu yake akilipa kodi iliyokuwa riba iliyovikwa kanzu. Ila bei ya khiyari ilimwachia muuzaji haki ya kulikomboa shamba lake ndani ya muda waliopatana, na hii ya Uingereza haikumwachia chochote ila ahadi. Wengi waliahidiwa kukaa miaka mingi, kumbe mnunuzi amekopa benki juu ya nyumba ile ile bila ya kuitajia benki ahadi hizo, na aliposhindwa kulipa, benki ikaja kuichukua nyumba na wakazi wake ndani. Kesi za watu wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza zilifika Mahakama ya Juu, nayo ikahukumu mwezi Oktoba 2014 kwamba ahadi ya mnunuzi asiyekuwa bado na milki haiwezi kuishinda haki ya benki. Kabla ya hapo, mwezi Februari 2012, wasimamizi wa mambo ya fedha walikwisha kutangaza kwamba mikataba mingi ya namna hiyo waliyoikagua haikupasa kamwe kuuzwa, na soko hilo likafungwa.

Wala asidhani mtu kwamba kampuni kubwa zenye hesabu za kompyuta zina insafu zaidi. Huko Marekani, kampuni iitwayo Opendoor iliwatangazia wauzaji kuwa watapata fedha zaidi kwayo kuliko sokoni. Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilidai kwamba wengi wa wauzaji hao kwa kweli walipoteza maelfu ya dola, na mwezi Agosti 2022 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 62.

Nini basi la kufanya kwa aliyebanwa? Kwanza ajiulize kama haraka ni yake au ni ya hofu yake. Benki za Uingereza zinatakiwa kuifanya mahakama kuwa hatua ya mwisho baada ya kujaribu mapatano mengine na mdaiwa, na jumuiya kama Citizens Advice, Shelter na StepChange hutoa nasaha bure. Mara nyingi barua moja ya kuomba mapatano humpa mtu miezi ambayo kampuni ya siku saba ilimwaminisha kwamba hana. Kisha akumbuke kwamba aliye tayari kupunguza asilimia 20 anaweza kumwambia dalali wa kawaida apunguze asilimia 10 tu na kutangaza kwamba atapendelea mnunuzi asiye na silsila, na wateja watapigana vikumbo. Mnada wa jadi nao upo: mnunuzi akishinda, mkataba umefungika hapo hapo, hulipa asilimia 10 papo hapo na baki kwa kaida ndani ya siku 28, wala hana tena pa kushushia bei.

Na akiona hana budi ila kampuni, ajue kwamba biashara hii haina mdhibiti wake makhsusi, hivyo mlinzi wake ni yeye mwenyewe. Bei za nyumba zilizouzwa mtaani pake tangu 1995 zimo katika kumbukumbu za daftari la ardhi, na kuzitazama ni bure. Aithaminishe nyumba kwa madalali wawili watatu, au kwa mthamini mwenye cheti cha RICS, jumuiya ya wathamini. Adai barua ya benki au ya wakili yenye ithibati kwamba fedha zipo. Aulize kama kampuni imo katika umoja wa wanunuzi uitwao NAPB na inakubali maamuzi ya msuluhishi wa mambo ya nyumba, kwani uanachama huo ni wa hiari na asiyeutaka ana sababu yake.

Ndugu msomaji, ikiwa una mzazi au jamaa huko ambaye kijikaratasi hicho kimemfikia siku ya dhiki, mwandikie leo asitie saini karatasi yoyote ya kampuni mpaka wakili aliyemchagua mwenyewe, asiye wakili wa kampuni, awe ameisoma. Na ikiwa bei itashushwa siku ya mwisho, ajue kwamba maadamu mikataba haijabadilishwa na hakutia saini karatasi ya hiari, sheria ile ile inayomruhusu mnunuzi kupunguza humruhusu yeye kukataa.