Safari Fupi ya Rumonge: Kuufahamu Ulimwengu Bila Kuvuka Mpaka

Wahenga walisema, mkaa bure si sawa na mtembea bure. Methali hii huwapa moyo wasafiri, lakini kwa mwalimu wa lugha haitoshi, kwani mwanafunzi anayetolewa darasani kwa siku mbili hapaswi kutembea bure. Katika makala hii tutaeleza jinsi safari fupi ya kutoka Bujumbura hadi Rumonge inavyoweza kumpanua mwanafunzi wa Kiswahili mawazo kuhusu ulimwengu, na pia masharti yanayoifanya iwe somo.

Kwa nini safari ya ndani ya nchi?

Ukitaja ufahamu wa ulimwengu, wengi hufikiria pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Wanafunzi wetu walio wengi hawana uwezo huo. Tatizo hili si la Burundi peke yake. Hata nchini Marekani kuna vyuo vinavyowapeleka wanafunzi kwa siku chache katika sehemu nyingine za nchi yao wenyewe, kwa kuwa wengi wana kazi na familia na hawawezi kukaa ng'ambo muhula mzima.

Rumonge panafaa sana kwa kusudi hili. Mji huu uko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kama kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara iendayo Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Upande wa pili wa maji ni Kongo. Kiswahili kilienea katika ukanda huu katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyopitia Ujiji, na hadi leo husikika Rumonge sambamba na Kirundi.

Jiwe la Mugere

Kituo cha kwanza kiko njiani, kilomita chache tu kusini mwa Bujumbura. Hapo Mugere kuna jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Baadhi ya wageni huambiwa kwamba ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji siku kadhaa kabla, kisha wakaja kwa mtumbwi kuikagua ncha ya kaskazini ya ziwa.

Mwanafunzi aulizwe: ni nani wengine walioifanya kazi ya misafara ile? Jiwe halimtaji Susi wala Chuma, watu wa Livingstone, wala Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa kiongozi katika msafara wa Stanley. Watu wa namna hiyo walielewana kwa Kiswahili. Swali hilo moja humwonyesha mwanafunzi kwamba lugha anayoisoma ilikuwa chombo cha mawasiliano ya kimataifa kabla ya shule zetu kuwapo.

Mwaloni na sokoni

Mjini Rumonge, asubuhi, wavuvi hurejea na samaki waliowavua usiku kwa taa. Samaki wadogo huitwa ndagala. Ukivuka kwenda Kigoma, utasikia dagaa. Mukeke wa Rumonge ni mgebuka wa Kigoma. Mafuta mekundu yanayoitwa amamesa kwa Kirundi ni mawese kwa Kiswahili. Ni ziwa moja na chakula kimoja, lakini majina hubadilika kwa kufuata pwani.

Mawese yana somo jingine. Rumonge ni kitovu cha kilimo cha michikichi nchini Burundi. Asili ya mti huu ni Afrika ya Magharibi na ya Kati. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa Bogor, katika kisiwa cha Java, na leo Indonesia na Malaysia ndizo zinazoongoza duniani kwa kuzalisha mafuta yake. Mbegu chotara zinazopandwa katika mashamba makubwa ya kisasa zinatokana na utafiti uliofanyika Yangambi, Kongo, kabla ya uhuru. Hivyo chupa ya mawese sokoni humpeleka mwanafunzi mabara mawili kabla hajaulizia bei.

Maji na watu

Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Sehemu ya Burundi ni ndogo, kama asilimia 8 tu. Mto pekee unaotoa maji ziwani ni Lukuga, ulio upande wa Kongo karibu na Kalemie. Mvua kubwa zilipoinua maji, hasa mwaka 2021 na 2024, wakazi wa ufukweni Rumonge walipoteza nyumba na mali. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa mwaka 2003, na mamlaka inayosimamia mkataba huo ina makao yake Bujumbura. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuuliza uhusiano wa kimataifa unamsaidiaje mama muuza samaki.

Aidha, eneo hili lina historia nzito ya ukimbizi. Watu wengi walikimbia mwaka 1972, wakaishi Tanzania katika makazi kama Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Baadhi walirudi baada ya miaka zaidi ya thelathini, pamoja na watoto waliozoea Kiswahili, na wakakuta mashamba yao yana wenyeji wengine. Mwaka 2015 maelfu walikimbia tena hadi Kagunga, kijiji cha Tanzania ufukweni, na meli Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawabeba hadi Kigoma.

Jinsi ya kuandaa

Kabla ya safari, darasa litumie angalau vipindi viwili kusoma ramani na kutunga maswali. Kila kikundi kiwe na watu watatu na kitu kimoja cha kufuatilia: samaki, mafuta, mashua au neno. Ruhusa iombwe mapema kwa viongozi wa mji na wa wavuvi.

Wakiwa Rumonge, wanafunzi waanze kwa salamu na heshima inayostahili: Mzee, Mama, Bwana. Wasipige picha bila idhini. Habari za mwaka 1972 au za mafuriko zisidaiwe. Mwenyeji akiamua kuzisimulia, asikilizwe bila kukatizwa. Msiba wa mtu si maonyesho.

Baada ya kurudi, kila kikundi kiandike ripoti fupi na faharasa ya maneno, kikionyesha neno limesikika wapi na kwa nani. Bila hatua hii safari husahaulika upesi. Hata hivyo, tusidai makubwa: siku mbili hazimfanyi mtu kuwa mtafiti. Humpa maswali ya kuendelea nayo.

Wengi wa wanafunzi wetu watakuwa walimu. Siku moja mtoto wa familia iliyorudi kutoka Tanzania ataandika dagaa, na jirani yake ataandika ndagala. Mwalimu asiyejua lolote atamkata mmoja wao kwa wino mwekundu. Aliyefika Rumonge atawafundisha wote wawili neno la mtihani, kisha atawaonyesha kwenye ramani kila neno limetoka wapi.