Malaria Humaliza Akiba ya Mtoto

Unajua kwamba ghala dogo huisha upesi. Mwili wa mtoto nao una ghala. Ghala hilo ni ini. Humo mna akiba ya sukari. Sukari hiyo ndiyo chakula cha ubongo.

Malaria ikimshika mtoto, mwili hushtuka. Tezi mbili zilizo juu ya figo hutoa homoni. Homoni hupita katika damu kama mbiu ya mgambo. Moyo huenda mbio. Ini hufungua ghala na kutoa sukari, ili mwili upate nguvu ya kupambana na vijidudu.

Lakini vijidudu vya malaria navyo hula sukari hiyo. Mtoto akikataa kula, akiba huisha. Hapo hulegea. Anaweza kupata degedege au kuzimia, hata kufa. Wengine husema ni shetani. Sivyo. Ni ugonjwa, na una dawa.

Basi fanya hivi:

1. Mtoto akiwa na homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Apimwe damu.
2. Mpe dawa kama ulivyoelekezwa, mpaka dozi iishe.
3. Mnyonyeshe mara nyingi. Aliyeacha ziwa mpe uji kidogo kidogo.
4. Akizimia au akipata degedege, usimnyweshe kitu. Atapaliwa. Mlaze ubavu, kisha mkimbize hospitali.
5. Kila usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Usingoje kesho.