Popo wa darini: Wataalamu wanatafuta nini kwao, na akikukwaruza ufanye nini?

Magharibi ikiingia Nguvumali, jijini Tanga, popo huanza kuchomoka kwenye mianya ya mabati. Watu wameshawazoea. Kinachowakera zaidi ni kelele zao darini usiku na harufu ya kinyesi. Mtoto akimkuta mmoja ameanguka uani, si ajabu kumwokota na kumchezea.

Hapo kwenye kumwokota ndipo penye hatari. Baadhi ya popo hubeba virusi, na ushahidi wa jambo hilo haupo mbali na Tanga.

Popo aliyekufa Shimoni

Shimoni ni kijiji cha pwani ya Kenya, Kaunti ya Kwale, kama kilomita 60 hivi kutoka jiji la Tanga ukipima kwa mstari ulionyooka. Julai 2009, watafiti waliokuwa wakichunguza popo wa mapango ya huko walimkuta mmoja amekufa. Alikuwa popo mkubwa, mla wadudu, wa aina yenye ngozi puani iliyotanuka kama jani.

Ubongo wake ulipopimwa maabara, ulikutwa na kirusi cha ukoo mmoja na kile cha kichaa cha mbwa, lakini kilikuwa kipya kabisa. Mwaka 2010 kikatangazwa kwa jina la kirusi cha popo wa Shimoni.

Hakuna mtu anayejulikana kuugua kutokana na kirusi hicho. Lakini kipo kingine cha ukoo huohuo, Duvenhage, ambacho kimeshaua. Mwaka 2007 mtalii kutoka Uholanzi alijeruhiwa usoni na popo akiwa Tsavo Magharibi, Kenya. Kidonda kilikuwa kidogo tu na hakupata chanjo. Alifariki Desemba mwaka huohuo, baada ya kurudi kwao.

Virusi hupatikanaje?

Kazi huanza jioni. Watafiti hutega nyavu nyembamba kwenye mdomo wa pango au karibu na nyumba, wakiwa wamevaa glavu nene na barakoa. Popo akinaswa hupimwa uzito, hutambuliwa aina yake, kisha huchukuliwa ute wa mdomoni, kinyesi na damu kidogo. Sampuli hugandishwa palepale zisiharibike, na mara nyingi popo mwenyewe huachiwa aende zake.

Maabara hutafuta mambo matatu. La kwanza ni vinasaba vya kirusi, yaani alama zake. La pili ni kingamwili kwenye damu, zinazoonyesha kwamba popo aliwahi kuambukizwa hata kama sasa hana kitu. La tatu, na gumu zaidi, ni kukipata kirusi chenyewe kikiwa hai.

Kwa hiyo ukisoma kwamba "kirusi kipya kimegunduliwa kwa popo", usidhani mlipuko umeanza. Mfano ni Bombali, kirusi cha ukoo wa Ebola kilichotangazwa Sierra Leone mwaka 2018. Mwaka huohuo kilikutwa pia kwa popo aliyenaswa Taita, Kenya, wa aina ambayo hupenda kukaa kwenye mapaa ya nyumba. Mpaka sasa hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa Bombali.

Si bora wauawe tu?

Wengi huwaza hivyo. Uganda walijaribu, na matokeo yake ni funzo.

Mwaka 2007 wachimba madini wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg, ugonjwa unaoweza kusababisha homa kali na kutokwa damu. Watafiti walikipata kirusi kikiwa hai kwa popo wa matunda waliokuwa wakiishi mgodini. Popo zaidi ya 100,000 wakaangamizwa au kufukuzwa.

Mwaka 2012 Marburg ilizuka tena, safari hii Ibanda, karibu na hapo. Watafiti waliporudi mgodini walikuta popo wachache tu wamehamia upya, lakini 13.3% yao walikuwa na maambukizi. Kabla ya kuuawa wale wa kwanza, kiwango kilikuwa 5.1%. Huenda popo wageni, ambao hawakuwa na kinga, walijaza nafasi ya waliouawa.

Halafu kuna faida zao. Wala wadudu hula mbu na wadudu wa mashambani. Wala maua na matunda huchavusha mibuyu na kusambaza mbegu za miti.

Akikukwaruza au kukung'ata

Popo aliyelala chini mchana huenda ni mgonjwa. Usimguse kwa mikono mitupu. Funika kwa ndoo, watoe watoto na paka hapo, kisha muulize mtaalamu wa mifugo.

Ukishajeruhiwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usipake jivu, wala kitunguu, wala mafuta. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na useme wazi kwamba ni popo, hata kama alama yenyewe ni kama ya sindano. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo husaidia ikiwahi.

Chanjo hiyo hiyo haitarajiwi kukinga vizuri dhidi ya kirusi cha Shimoni, kwa kuwa kiukoo kiko mbali na kile cha mbwa. Ndiyo maana kinga ya kwanza ni kutomshika popo kabisa.

Kwa wale wa darini, ziba mianya jioni wakishatoka wote, na si wakati wana watoto wachanga wasioweza kuruka. Kinyesi kinyunyizie maji kabla ya kufagia, vumbi lisipande, na vaa barakoa. Wakiingia mapangoni, kama kule Amboni, wageni wawaache popo walivyo.